Dawa Chungu ya Bi Kiboko

Hapo zamani, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupiga hodi kama sisi, Bi Kiboko aliugua tumbo. Lilimchoma kama kaa la moto.

Mganga wao alikuwa Kifaru. Mizizi yote ya porini aliijua, ila subira hakuwa nayo. Alikuja, du! du! du!, akamimina dawa chungu.

"Mganga, ngoja nikueleze..."

"Kunywa! Wagonjwa wengine wananingoja."

Siku tatu alikunywa, siku tatu akazidiwa. Ya nne hakuweza hata kuinuka. Alilala akiutazama mto, machozi yakimlengalenga.

Jirani yake, Kindi, akamwonea huruma. Akamwahi Kifaru mlangoni.

"Shikamoo, mganga. Umesikia? Dawa hii ina mwiko! Anayeitoa sharti kwanza aketi na mgonjwa bila kusema neno, mpaka kivuli cha nyumba kifike mtoni. Akifungua mdomo tu, pembe pu! chini."

"Pembe yangu?"

"Hiyo hiyo."

Kifaru akaketi, tii, mdomo kaufumba.

Bi Kiboko akangoja aamrishwe kunywa. Kimya. Basi polepole maneno yakaanza kumtoka.

"Mume wangu alichukuliwa na mafuriko ya masika, mganga. Mpaka leo nikipika uji nachota mabakuli mawili. Nasikiliza, labda nitamsikia akipiga maji pale mto unapopinda. Uji wake ukipoa, wangu nao haushuki. Sijala tangu mwezi uandame."

Kifaru akatoa macho. Lahaula! Dawa ile hainywewi na mwenye njaa. Ilikuwa ikilichoma tumbo tupu!

Alitaka kupiga kelele, akaikumbuka pembe. Akaipiga teke kata ya dawa, mwaa! Akamwashiria Kindi kwa mikono: uji! uji!

Bi Kiboko akanywa kidogo kidogo, akilia, Kifaru kando yake. Kivuli kilipofika mtoni, mganga akafoka:

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia kila siku."

Kifaru akainamisha kichwa. Kindi akacheka juu ya paa: "Mwiko nimeutunga mimi!"

Mganga hakukasirika. Akauliza kwa upole, "Kesho nije tule pamoja?"

"Njoo," Bi Kiboko akasema, macho yake mtoni. "Ila bakuli lake usiliguse."

Basi jueni, wanangu: mganga asiye na masikio, dawa yake huwa sumu.