Mtamba Mmoja na Nguruwe Aliyekohoa

Jongeeni, na mwenye mafua akae upepo unakokwenda.

Kijijini Lwifwa kulikuwa na watu watatu. Subilaga alijaliwa masikio: akisikia kikohozi nyuma ya ukuta, anakujulisha ni cha nani na kimeanza lini. Tumpe, muuguzi wa zahanati, alijaliwa uthubutu. Ambakisye, mfuga nguruwe, alijaliwa mikono. Nguruwe akitiwa kwapani mwake hachomoki.

Siku mbili kabla ya mnada wa mifugo, Subilaga alisimama kando ya banda la Ambakisye. "Nguruwe wako anakohoa kama mume wangu aliyelazwa na homa. Kikohozi ni kilekile, baba." Watu wakamcheka. Hakubanduka hapo mpaka Tumpe akaitwa.

Tumpe akaja na kipimo cha mafua makali, kile cha kijiti puani. "Hiki ni cha watu," alisema. "Kikikataa kuona ugonjwa, bado sitaamini. Kikikubali, sampuli iende maabara ya mifugo. Kazini nitajieleza." Akajieleza kweli, akapewa barua ya onyo kwa kumpima mgonjwa asiye na kadi.

Na Ambakisye? Alimshika nguruwe wake mwenyewe, akijua kipimo kikikubali banda lake litafungwa na mnada ataukosa. Nguruwe akatazama kijiti, akatazama kidole cha bwana wake, akachagua kidole. Ambakisye hakumwachia.

Kipimo kikakubali, maabara ikathibitisha, mnada ukaahirishwa. Nguruwe wa vijiji vitano wakanusurika.

Ushirika wa wafugaji ukatoa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwa aliyeokoa mifugo. Mwenyekiti akamnyooshea Tumpe kamba.

Ambakisye akainuka, damu imemchemka. Banda lina kufuli, kidole hakina kucha, na ng'ombe anakwenda kwa koti jeupe!

"Mwenyekiti, na mimi je?"

"Kwani kushika nguruwe nako ni kazi?"

"Mshike wewe, nikuletee kijiti."

"Mngeshika nini bila masikio yangu?" Subilaga akadakia. "Saa hizi mngekuwa mnadani mnapiga chafya kwa zamu."

"Mwenye barua ya onyo hapa ni nani?" Tumpe akauliza, mkono umeshafika kwenye kamba.

Ambakisye naye akaidaka. Subilaga akaishika katikati. Mwenyekiti, asiye na kidonda wala barua, akasema, "Basi achinjwe, tugawane," na wote watatu wakamgeukia kwa macho yaliyomfanya arudi kukaa.

Mpaka sasa hakuna aliyeachia. Wewe unayenisikiliza, ungewaambia wawili gani wafungue mikono?