Mtakatifu Alipotua kwa Ardizzone

Bwana Ardizzone, tajiri wa mjini, hakuwa hata amemaliza mwezi Roccapiana, kijiji kidogo cha milimani Italia, alipomwita Nevio, fundi viatu na kiongozi wa wabebaji wa sanamu ya mtakatifu.

"Siku ya sikukuu mkimzungusha mtakatifu kijijini, mumtue mlangoni pangu, akae muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kwa mtu yeyote. La sivyo, ile njia ya kisimani inayopita shambani kwangu naifunga."

Nevio akakuna kichwa. "Watu watanuna, bwana."

"Wanune!"

"Basi niandikie kwamba wewe ndiye uliyetaka akae kwako kuliko kwa mtu yeyote, na kwamba njia haifungwi."

Akaandika papo hapo.

Sikukuu ikafika, mtakatifu akatua. Ardizzone alikuwa bado anajiweka sawa apigwe picha, kijiji kizima kikamiminika uani na sahani mikononi, padri mbele na sahani kubwa kuliko zote.

"Hawa wanataka nini?"

"Chakula. Kwetu, mtakatifu akitua kwa mtu, mwenye nyumba hulisha kijiji mpaka ainuliwe."

"Mwinueni!"

"Mwaka jana alikaa siku nne kwa rafiki yangu mwoka mikate," Nevio akasema, akivuta kiti kivulini. "Nawe umeandika kwa mkono wako kwamba utamzidi. Leo ndiyo kwanza tunaanza, bwana. Divai iko wapi?"