Komeo la Nje

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mlango.

Mlango wa nani?

Wa mwenye nyumba.

Haya, tulieni. Hiki si kisa cha kuchekea. Mwenye kicheko chake akiweke akibani, acheke mwishoni akiweza.

Hapo kale, chini ya majabali, aliishi Bi Kalunguyeye, mjane mwenye watoto wadogo ambao miiba yao ilikuwa bado laini. Masika yanakuja, naye hana nyumba. Mtu hujikuna ajipatapo. Akapata ufa mkubwa ndani ya mwamba: kuta jiwe, dari jiwe, nyuma jiwe. Dirisha hakuweka, chokaa hakupaka, sakafu aliishindilia kwa nyayo zake mwenyewe. Kila alichobana alikibana kwa ajili ya kitu kimoja tu, mlango. Nyumba isiyo na mlango ni njia ya wapitao.

Fundi wa milango bondeni alikuwa mmoja, Nyegere. Ana nguvu, ana kucha, ana msumeno, na ana tumbo lisilojua neno basi. Zamani milango yote ilifungukia ndani, ili mgeni akikaribishwa aingie na mlango wake. Nyegere ndiye aliyeleta mtindo wa kufungukia nje. Akipigilia misumari huimba:

Ko, ko, ko, mlango ukae,
akae mwana, mama atembee.

Wimbo mtamu. Akina mama walimpenda kwa wimbo ule.

Lakini bonde lilikuwa na msiba. Watoto walikuwa wanapotea majumbani. Walipotea kwa Kwale, wakapotea kwa Digidigi, kisha wakapotea kwa Mama Kanga, na hakuna aliyejua mwizi anapitia wapi.

Bi Kalunguyeye alikwenda kumpa pole Mama Kanga. Akamkuta amekaa chini, hali, hanywi.

"Nilipotoka, mwanangu mkubwa alifunga komeo kwa ndani, shoga," Mama Kanga alisema. "Nikalisikia kwa masikio yangu, kru. Niliporudi, komeo limechomoza vilevile, halikuguswa. Mlango umeegemezwa ukutani. Watoto hamna."

Bi Kalunguyeye alikuwa ameinamia bawaba. Pini zake zilikuwa mchangani, zimepakwa mafuta, safi, bila mkwaruzo. Hapo akaelewa. Mlango ukifungukia nje, bawaba nazo hukaa nje. Ajuaye huchomoa pini, akauvua mlango kwa upande wa pili, na komeo la ndani halina habari. Na katika bonde zima aliyezipaka pini mafuta alikuwa mmoja.

Hasira ilimpanda mpaka miiba ikamsimama. Kisha ikaja hofu, kwa sababu asubuhi ileile Nyegere alikuwa amekuja kupima mlango wake, na alikuwa amewaona watoto. Amseme kwa nani? Simba mwenyewe humpisha Nyegere njiani. Akaenda zake nyumbani, akanyamaza.

Kesho yake fundi akaja na mbao begani.

"Chagua, mama. Huu msonobari, mwepesi, wa watu wa hali yetu. Huu mninga, utakufilisi."

"Mninga, fundi."

"Mninga kwa nyumba hii, mama?"

"Nyumba yenyewe ndiyo huo mlango," Bi Kalunguyeye alisema, akamkabidhi asali yote aliyokuwa nayo.

Nyegere akalamba, akaridhika. "Basi ufungukie nje. Nyumba ndogo, ukifungukia ndani utakula chumba."

"Ufungukie nje. Na komeo nalo uliweke nje."

Nyundo ikasita hewani. "Komeo nje, mama?"

"Mimi ni mjane, fundi. Natoka kutafuta riziki mchana kutwa. Watoto wangu watundu, komeo likiwa ndani watafungua, watatoka. Nataka niwafungie mwenyewe, niende roho imetulia."

Nyegere alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mwenye njaa. Komeo la nje mtu huvuta tu. Ahangaike na pini za nini tena?

"Umefikiri vizuri, mama," akasema.

"Na pini za bawaba uzigonge vichwa, juu na chini, zisitoke kamwe. Naogopa wezi."

"Nitazigonga," Nyegere alisema, akameza mate.

Ko, ko, ko, mlango ukae,
akae mwana, mama atembee.

Akazigonga pini vichwa zikakaa. Komeo akalichonga nene. Siku hiyo alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, maana aliifanya kwa moyo.

"Kesho niko ng'ambo ya mto kwenye kumbikumbi," Bi Kalunguyeye alimwambia wakati fundi anakusanya vyombo vyake. "Nitachelewa kurudi."

Kulipokucha aliwapeleka watoto kwa Mama Kanga. Mama Kanga akawafunika kwa mbawa zake zilizokosa wa kuwafunika. Bi Kalunguyeye akarudi, akafunga komeo la nyumba tupu, akajikunja kando ya mlango katikati ya vichaka vya miiba.

Jua la utosini, Nyegere akaja. Kwata, kwata, kwata. Akanusa. Matandiko ya watoto yalikuwa kule mwisho wa ufa, harufu yao ikamjia. Akavuta komeo, kru, akaingia mpaka ndani kabisa.

Bi Kalunguyeye akausukuma mlango kwa mgongo, bu. Akalirudisha komeo, kru.

Ndani kukawa na vurumai. Nyegere alijitupa mlangoni, bu, bu, bu, mninga haukutikisika. Akazigeukia kuta, para, para, para, jiwe ni jiwe. Akatafuta bawaba, akakumbuka ziko nje, na pini amezigonga kwa mkono wake.

"Hodi," Bi Kalunguyeye akabisha.

Kucha zikaacha jiwe. Kisha sauti ikatoka, nyororo kama ya wimbo. "Karibu, mama. Karibu ndani."

"Umeitika, fundi?"

"Nimeitika. Fungua."

"Aitikaye hodi ndiye mwenye nyumba. Basi nyumba ni yako. Mimi mpita njia."

"Mama, nionee huruma. Nilikufanyia kazi nzuri."

"Umefanya, fundi. Sijaona mlango mzuri kama huu."

Nyegere alikwaruza siku nyingi. Bi Kalunguyeye aliisikia sauti ile, ikamuuma, kwa sababu yeye ni mama, na kilio cha aliyefungiwa hakizoeleki. Akamfikiria Mama Kanga, hakufungua. Baadaye hakukuwa na sauti.

Masika yakashuka, yakamnyeshea yeye na watoto wake nje. Nyumba ile aliyoijenga kwa kubana kila kitu hakulala humo hata siku moja. Mpaka leo kalunguyeye hana mlango. Akisikia hatua hujikunja, mgongo ukawa ndio mlango, na watoto wake wote walikua.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Iliyo tamu ingieni nayo, iliyo chungu niachieni nje.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkijenga, msimpunje fundi. Akifanya kazi nzuri, mpeni nyumba nzima.