Jinsi Ua la Kanakambaram Lilivyopoteza Harufu

Mmeanza tena. Nimekaa kutunga maua, vidole vinaniuma, na ninyi hamnisaidii wala hamniachi. Juzi nilisimulia haya haya mkalala katikati. Haya, nasema mara moja tu, na atakayepiga miayo akaoshe masufuria.

Zamani, kule kwetu kwa Watamil, ua la kanakambaram, hili la rangi ya chungwa, lilinukia kupita asumini. Ukilivaa nyweleni siku moja, mto wako ulinukia wiki nzima. Sharti la wachumaji lilikuwa moja: ua la hekaluni halinuswi. Harufu ya kwanza ni ya mungu, na ua lililokwisha nuswa ni makombo, kama wali ulioonjwa na mpishi.

Walikuwapo wanawake wawili, mtu na mdogo wake, wote wachuma maua. Mkubwa, Arukkani, alikuwa na shamba zima la kanakambaram. Mdogo, Kuyili, alikuwa na vichaka vichache vya asumini nyuma ya zizi. Kila mwaka, siku ya harusi ya mungu wa kike, shada la Arukkani ndilo lililovishwa sanamu, naye akatembea mwezi mzima kama bibi harusi ni yeye.

Mwaka mmoja mzee wa hekalu akasema yaletwe mashada mawili, la kila ndugu. Litakalonukia zaidi taa za jioni zikiwashwa ndilo litakalovishwa, mwaka huo na miaka yote. Arukkani akashindwa kula. Kila aliyesimama kwa Kuyili kusifu asumini, yeye alimkodolea macho mpaka apotee njiani.

“Akka,” Kuyili akamwita, kama tunavyomwita dada mkubwa, “mbona umekonda? Njoo ule kwangu.”

“Kwako kuna nini cha kula? Samadi?”

Asubuhi ya sherehe, kabla jua halijachomoza, Kuyili alichuma asumini, akaacha kikapu barazani, akaenda kuoga. Arukkani akaingia, akatumbukiza uso kikapuni, akavuta pumzi kwa nguvu, ayafanye makombo maua ya mdogo wake.

Lakini hakuwahi kuchuma asumini maishani mwake. Sisi ua lililofumba tunaliita arumbu, na lililofunguka tunaliita malar, wala hatuchanganyi. Asumini huchumwa ikiwa arumbu. Harufu yake huja jioni; asubuhi hakuna cha kuonja wala cha kumwibia mungu. Arukkani akavuta, hakupata kitu. Akavuta mpaka akashikwa na kizunguzungu. Kitu hakuna.

Mwingine angefurahi. Yeye akaingiwa na hofu: labda pua ndiyo imekufa, na mdogo mtu ana harufu ambayo yeye haisikii! Akakimbia nyumbani, akainamia kikapu chake mwenyewe ajaribu. Kumbe pua nzima! Akanusa tena kwa raha, ua kwa ua, huku akicheka. “Shindana na hii sasa, Kuyili!” Akamaliza kikapu chote, sharti amelisahau.

Jioni taa zikawashwa. Asumini ikafunguka juu ya sahani ya shaba, ikawa malar, na hata waliokuwa nje ya mlango wakageuza vichwa. Mzee wa hekalu akalipunga shada la Arukkani hewani. Watu wakangoja. Likanukia kamba ya mgomba liliyotungiwa, basi.

“Nani amelionja kabla ya mungu mwenyewe?” mzee akauliza.

Arukkani akatazama vidole vya miguu yake.

Na tangu siku hiyo kanakambaram haina harufu, hata ikiwa bado shambani. Ndiyo maana wanawake wetu huitunga pamoja na asumini, ipate harufu ya kuazima. Wa kwanza kuazima alikuwa Arukkani. Kila asubuhi, mpaka uzee wake, alisimama nyuma ya zizi la mdogo wake na kikapu mkononi, akaomba apunguziwe asumini kidogo. Kuyili hakumnyima hata siku moja. Alimjazia, kisha akamuuliza, “Akka, umekula?” Na Arukkani alilazimika kujibu, safari hii kwa adabu.