Pasi Hupigwa, Nguo Isiumie

"Pasi hupigwa, nguo isiumie." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo fundi anayetutilia kitasa, mkaja mbio kuniuliza maana yake. Basi kaeni, mpeane nafasi mkekani. Methali hii ilizaliwa Muheza, siku ya harusi ya Mwanamkasi.

Harusi ikiwa imekaribia, Bi Chausiku, mpiga ngoma wa kina mama, aliteleza kisimani, mkono ukateguka. Sikudhani, mdogo wake bibi harusi, akasema dada yake hatatolewa nyumbani kimya kama gunia. Alikuwa na kisanduku chenye vitufe vya mpira. Ukigusa kitufe kwa kidole, spika inalia ngoma, kubwa au ndogo kadiri ya uzito wa kidole chako. Alikuwa akijifunza mwenyewe, chumbani.

Siku ilipofika, kina mama wakajaa uani, naye akaanza. Kila kidole alikishusha kwa nguvu zake zote. Spika ikalia du, du, du, zote sawasawa, kama mtu anayetwanga kisamvu. Hakuna aliyeinuka.

"Jamani, leo bibi harusi tunamchezea kikokotoo?" akauliza Bi Mwanahamisi, jirani yao. Wakacheka. Mwanamkasi, ndani ya shela lake, akainamisha kichwa. Sikudhani alimwona, akazidi kugonga.

Ndipo Bi Chausiku, mkono umefungwa kitambaa, alipokuja kukaa nyuma yake kama mtu anayepumzika tu.

"Mwanangu, vitufe vimekukosea nini?" akamnong'oneza.

"Si ngoma hupigwa, bibi?"

"Na pasi je, haipigwi? Hiyo kanga uliyovaa uliipiga pasi namna hiyo?"

"Hapana."

"Uliipigaje?"

"Penye mkunjo nilikandamiza. Kwingine nilipitisha tu."

"Haya. Pasi hupigwa, nguo isiumie. Nipigie pasi, mwanangu."

Akapenyeza mkono wake mzima chini ya mtandio wa Sikudhani, akamgonga mgongoni kwa vidole: pigo zito, kisha mepesi mawili, kimya kidogo, kisha zito tena. Alimfundishia pale pasipoonekana ili wageni wasijue kuwa binti anafundishwa. Mimi hilo ndilo nilipendalo zaidi katika kisa hiki.

Vidole vya Sikudhani vikafuata mgongo wake. Pigo zito likasema, mepesi yakanong'ona, na katikati pakabaki nafasi ya kiuno kupita. Wa kwanza kujifunga kanga kiunoni alikuwa Bi Mwanahamisi.

"Kumbe kikokotoo kinajua hesabu," akasema, akaingia kati.

Wenzake wakamfuata. Mwanamkasi akainua kichwa, akacheka mpaka machozi, akatolewa nyumbani kwao kwa ngoma na vigelegele.

Tangu hapo, kina mama wa mtaa ule wakimwona mtu anatumia nguvu mahali pa mkono mwepesi, humwambia neno lile la Bi Chausiku. Hebu msikilizeni fundi wetu anavyogonga sasa. Naye ameelewa: pasi hupigwa, nguo isiumie.