Warithi wa Punda wa Bi Mize

Palikuwa na Liwali mmoja, Khelef bin Mbaruku, aliyeutawala mji wa Shangarawe kwa daftari. Mtu hakupigilia msumari ukutani mpaka Liwali atie sahihi. Kuku akitaga nje ya tenga, mwenye kuku aliitwa kujieleza.

Katika mji huo alikaa Bi Mize, mpika vitumbua, mdomo wake moto kuliko chungu chake. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja: watoto sita, mume mmoja, na uani banda la punda. Punda akafa. Mwezi uleule masika yakaiangusha nyumba ya mama yake, Bi Mboja, kikongwe mwenye nyonga mbovu. Basi Mize akalifagia banda, akalisakafia, akatoboa dirisha, akapaka chokaa, akaingiza kitanda cha kamba. Mama akalala. Kisha Mize, kwa kuwa ni raia mwema, akaenda kuomba kibali.

Hapo ndipo alipokosea.

"Daftari linasema hilo ni banda la punda," akasema Liwali. "Kuligeuza chumba, sharti mwenyewe aridhie."

"Mwenyewe ndiye mimi, Bwana Liwali."

"Wewe ni mwenye nyumba. Mwenye banda ni punda."

"Punda amekufa."

"Poleni sana. Basi na waje warithi wake."

Mize akamtazama karani. Karani akautazama wino.

"Bwana Liwali, punda yule hakuwahi kuoa."

"Mimi siingilii mambo ya ndani ya watu. Nataka mrithi, aridhie, nitie sahihi."

"Na mama yangu alale wapi nikimtafuta huyo mrithi?"

"Popote, ila humo. Banda ni banda. Alalaye humo, kwa daftari langu, ni punda. Karani, andika!"

Karani akaandika.

"Alhamisi nakuja kukagua mwenyewe," akasema Liwali. "Nikikuta banda, mama nje, ukuta chini."

"Na ukikuta chumba?"

"Sitakuta."

Mize akarudi kwake. Hakulia, maana vitumbua havitaki machozi. Mlangoni pa banda akatundika kanga. Kizingitini akatandika mkeka mpya, na kando yake akazipanga ndara za mama yake. Akamwambia, "Mama, mgeni akija, mkaribishe kama unavyowakaribisha wanao. Basi."

Alhamisi Liwali akafika, nyuma yake karani na daftari, nyuma ya karani watu wawili na sululu, nyuma ya sululu mtaa mzima. Akaenda moja kwa moja hadi uani. Akaiona kanga. Akauona mkeka. Akaziona ndara.

Sasa, jamaa zangu, Khelef alikuwa dhalimu, lakini dhalimu aliyelelewa.

"Hodi!" akaita. "Hodi humu ndani!"

"Karibu!"

Akavua makubadhi yake, akayapanga vizuri kando ya ndara, akafunua kanga, akainama, akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Nyonga inaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, mwanangu."

"Pole, mama."

Akatoka, akavaa makubadhi, akakunja uso.

"Nimekagua. Ni banda. Bomoeni!"

Sululu zikapanda juu.

"Ngojeni kwanza," akasema Mize. "Bwana Liwali, una hakika ni banda?"

"Nina hakika."

"Si chumba hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na aliyemo ndani?"

"Daftari limeshasema. Punda."

"Alhamdulillahi!" Mize akajifunga kibwebwe. "Karani, kalamu unayo? Andika. Leo Alhamisi, Bwana Liwali amepiga hodi kwa punda. Umeandika? Amemvulia punda viatu. Amempa punda shikamoo, mtaa mzima unasikia."

Karani alikuwa anaandika. Alizoea kutii.

"Wewe mwanamke!" akafoka Liwali. "Unataka nini?"

"Kibali tu, bwana wangu. Si ulitaka mrithi? Siku tatu nimezunguka mji kumtafuta, kumbe nahangaika bure. Huyo punda wako wa daftarini amekuita 'mwanangu' mara mbili, na mara zote mbili umemjibu 'mama'. Kalamu hii hapa. Utatia sahihi kama Liwali, au kama mrithi?"