Ndege Iliyotoka Kwenye Ukungu

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi aegemee ukuta. Hadithi hii haimkatazi mtu kusinzia. Ila mwishoni nitauliza swali, na hapo nitawaamsha wote.

Kijiji cha Mtae kimekaa ukingoni mwa milima ya Usambara, pale mlima unapokatika ghafla na kuacha mbuga chini kabisa. Asubuhi nyingi mbuga hiyo haionekani. Ukungu huijaza mpaka juu, mweupe, kimya, na mtu akisimama uani kwake huona kama dunia imeishia kwenye mpaka wa shamba lake. Hapo aliishi Mzee Shekighenda, mjane, baba wa watoto watatu.

Kupaza, mkubwa, alikuwa fundi saa mjini Lushoto. Mikono yake haikujua kutetemeka. Aliweza kuokota skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha na kuiweka mahali pake huku akizungumza na mteja mwingine.

Saumu, wa pili, alichora mabango ya maduka na ubavu wa malori kule Korogwe. Macho yake hayakusahau rangi. Ukimwonyesha shati leo, mwakani angekuchanganyia rangi ile ile, kisha akuambie shati lenyewe limepauka.

Mbelwa, kitinda mimba, alilima kabichi hapo hapo nyumbani. Kipaji chake kilikuwa kigumu kukitaja. Alijua kusikiliza. Watu walikuja kumweleza shida zao, naye hakuwajibu neno, na bado waliondoka wakiwa wepesi.

Sasa Mzee Shekighenda, enzi za ujana wake, alipelekwa Burma na Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, wakati wa vita vya pili vya dunia. Huko aliwekwa kwenye uwanja mdogo wa ndege za kivita, uliokwanguliwa katikati ya msitu, na kazi yake ilikuwa kukandamiza mkia. Ndege zile zilikuwa na injini nzito mbele na mkia mwepesi nyuma. Rubani alipoijaribu injini kwa nguvu kabla ya safari, mkia ulitaka kuinuka na pua kujichimbia ardhini. Kwa hiyo mtu alijilaza juu ya mkia, akaulemea kwa mwili wake, mpaka rubani ampungie mkono ashuke.

Watoto waliisikia habari hiyo tangu wadogo. Baba yao alikuwa na ndege moja aliyoizoea, na rubani wake kijana aliyempungia mkono kila asubuhi. Siku moja alishuka mkiani, ndege ikaruka, ikaingia kwenye ukungu. Hapo Mzee aliishia kila mara. Aliinuka kwenye kigoda akatoka nje, na watoto walijifunza kutomuuliza zaidi.

Akazeeka. Mwaka mmoja, msimu wa kipupwe, alianguka shambani, na alipoinuliwa upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. Neno hilo lilikuwa "bado."

Ukimpa uji, bado. Ukimwambia akalale, bado. Kila asubuhi alitaka abebwe mpaka uani, akae akiangalia bondeni, na hapo mkono wake wa kushoto ulianza kazi. Aliunyoosha hewani, kiganja kikiangalia chini, akawa anakandamiza. Anakandamiza, anaachia, anakandamiza tena. Mganga wa zahanati alisema ni mishipa. Jirani mmoja alisema anatwanga. Naye alikuwa akikonda mbele ya macho yao, maana chakula alikikataa, na kuingia ndani alikataa mpaka achukuliwe kwa nguvu.

Mbelwa ndiye aliyekaa naye. Kabichi zake ziliota magugu. Alileta kigoda chake kando ya baba yake, akaangalia kule baba yake alikoangalia, siku baada ya siku, bila kuuliza. Asubuhi moja ukungu ulipokuwa mzito sana, ndipo akaelewa.

"Baba," alisema, "unashika mkia?"

Mkono ule ulisimama. Mzee akageuka akamtazama mwanawe, na machozi yakamshuka upande mmoja wa uso.

"Haijarudi," alisema Mbelwa.

"Bado," alisema Mzee Shekighenda.

Mbelwa akatuma ujumbe kwa ndugu zake, akawaambia alichokielewa. Baba yao hakuwa Mtae. Alikuwa kwenye uwanja ule wa msituni, na alikuwa anasubiri ndege.

Kupaza aliposikia, alikumbuka kitu. Miezi kadhaa nyuma, katika gunia la muuzaji mmoja wa vitu vya kuchezea vya mitumba sokoni, aliwahi kuona sanduku la karatasi lenye picha ya ndege ya zamani na ndani yake vipande vya plastiki vilivyoshikamana kwenye fremu zao, vya mtu kuunda mwenyewe. Alirudi sokoni akamtafuta yule muuzaji, akalikuta lingali pale, limebonyea. Akafunga kibanda chake cha saa, akapanda nalo Mtae.

Wazo lenyewe lilionekana la kitoto hata machoni pake mwenyewe. Shangazi yao Mwantumu, dada wa Mzee, alisema waziwazi: "Baba yenu anakufa, na nyinyi mnaleta midoli." Lakini hakuna aliyekuwa na wazo jingine.

Kupaza alitandika gazeti mezani akaanza. Karatasi ya maelezo ilikuwa imechanika nusu. Gundi ilikuwa imekauka zamani. Akajaribu hiki na kile, mpaka akagundua kwamba vibanzi vya plastiki ile ile vikilowekwa kwenye tina ya kuyeyushia rangi hugeuka uji mzito unaoshika kuliko gundi. Alikata kila kipande kwa wembe, akakisugua kwa msasa mpaka mshono usionekane, akaunganisha mbavu na mabawa, akayashikilia kwa vibanio vya nguo huku yakikauka. Panga moja kati ya yale yanayozunguka mbele halikuwemo, akalichonga kwenye mpini wa mswaki. Kioo cha kumfunika rubani kilikuwa kimepasuka vibaya. Alikaa akikifikiria. Kisha alivua saa yake ya mkononi, ile aliyopewa na fundi aliyemfundisha kazi, akatoa kioo chake cha plastiki, akakipasha moto taratibu juu ya jiko la mkaa mpaka kikalainika, akakikunja. Kilikaa sawasawa. Saa ile haikupata kioo kingine cha kuifaa.

Alipomaliza, ndege ilisimama mezani, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, ya kijivu, iliyonyooka pande zote. Wakampelekea Mzee. Aliitazama kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya harusi ya watu asiowajua. Akarudisha macho kwenye ukungu.

"Bado," alisema.

Wakati huo Saumu alikuwa amefika kutoka Korogwe na makopo yake. Aliitazama ndege, akamtazama baba yake.

"Si yake," alisema. "Hii ni ndege tu. Yeye anaisubiri yake. Ilikuwa rangi gani?"

Hakuna aliyejua. Picha ya sandukuni ilionyesha kijivu na buluu, ndege ya nchi ya baridi. Ndipo Mbelwa akaenda kuchuma majani: ya mgomba, ya mparachichi, ya mkahawa, mabichi na makavu. Akayatandaza juu ya blanketi mapajani mwa baba yake, na udongo wa sehemu mbalimbali akauweka kando. Mkono wa Mzee ulitembea juu yake polepole. Ukachagua jani kuukuu la mparachichi. Ukachagua udongo wa njia ya mtoni.

Siku hiyo hiyo hondohondo walipita juu ya nyumba. Mnamjua ndege huyo, mwenye mdomo mkubwa, mabawa yake yanavuma kama injini inayopita mbali. Mzee alitikisika kitini. Akaomba kwa ishara majivu ya jikoni, na Mbelwa alipomletea kwenye ungo, alichora kwa kidole mdomo ule uliopinda. Kisha akagusa shavu lake la kushoto, karibu na jicho.

"Ulimchora kwenye ndege," alisema Mbelwa. "Upande wa kushoto, chini ya dirisha la rubani. Mlimchora ili aijue njia ya kurudi."

Mzee alifumba macho. Mkono ukakandamiza, mara moja tu.

Basi Saumu akakaa. Tajiri mmoja wa malori alikuwa akimngoja Korogwe kwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuahidiwa. Akamtumia salamu kwamba atafute mwingine. Alichanganya kijani mpaka jani la mparachichi likiwekwa juu yake lipotee. Akachanganya udongo. Akaipaka ndege mabaka yake, na ilipokauka ikapendeza, naye hakuridhika.

"Inang'aa," alimwambia Kupaza. "Kitu kilichotoka mbali haking'ai."

"Utaiharibu kazi yangu."

"Kaka, niachie."

Akaipaka masizi nyuma ya injini, akaifuta kwa kidole ili ionekane moshi umepita hapo miaka mingi. Akaichubua rangi pale rubani anapokanyaga. Magurudumu akayatia tope. Mwisho kabisa, kwa brashi aliyobakiza nyuzi chache, alimchora hondohondo mdogo kama punje ya mpunga, chini ya dirisha la kushoto. Alizuia pumzi muda wote wa kuchora.

"Sasa tumpelekee," alisema Saumu.

"Hapana," alisema Mbelwa. "Mkimpa mkononi, ni kitu mlichotengeneza nyinyi. Yeye hangoji kupewa. Anangoja irudi."

Asubuhi iliyofuata Mbelwa aliteremka kwenye njia ya bondeni, ndege ameifunga ndani ya koti, akaingia kwenye ukungu mpaka nyumba haikuonekana tena. Akakaa juu ya jiwe. Baridi ilikuwa kali. Alikuwa akisikiliza. Juu kule alisikia kiti kikiburutwa, akasikia shangazi akibembeleza na uji, akamsikia baba yake akikataa. Hakuinuka. Alingoja mpaka hondohondo wa asubuhi walipopita na ule mvumo wa mabawa ukajaa bonde lote. Hapo ndipo alipoinua ndege juu ya kichwa chake akaanza kupanda.

Waliokuwa uani wananiambia hawakumwona mtu. Waliuona ukungu ukitikisika, na mvumo, na ndani ya weupe ule pua nyeusi, kisha mabawa ya kijani yenye mabaka, ikija taratibu, chini chini, kama inayotafuta pa kutua. Shangazi Mwantumu, yule yule wa midoli, alishika mdomo.

Ndege ilitua kwenye mapaja ya Mzee Shekighenda. Alimgusa kwanza yule hondohondo. Akapitisha kidole kwenye kioo, akakigonga kidogo. Halafu mkono wake wa kushoto ukaenda nyuma, ukalala juu ya mkia, na safari hii haukukandamiza. Ulipumzika tu.

"Umechelewa," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza jipya tangu alipoanguka. Akaongeza, kwa shida, akiiambia ndege na si mtu mwingine: "Aliyekurudisha, akae na wewe."

Kisha akaomba uji.

Alikula siku hiyo na siku zilizofuata. Aliingia ndani mwenyewe jioni, akishikwa mkono mmoja tu, akalala kitandani kwake. Maneno yalirudi machache machache, ya kutosha kuomba chumvi na kuwaita watoto wake kwa majina. Aliishi mpaka mapeasi yakaiva, akafa usingizini, uso umetulia. Na katika muda wote huo hakuna aliyethubutu kumuuliza alikuwa na maana ya nani.

Baada ya arobaini, watoto watatu walikaa mbele ya shangazi yao na ndege katikati.

Kupaza alisema: "Shangazi, kabla yangu yalikuwa makombo ndani ya sanduku. Mimi nililitafuta, mimi nikaiunda, na ndani yake kuna kioo cha saa yangu. Baba alikigonga kile kioo. Kisichokuwepo hakiwezi kurudi."

Saumu alisema: "Kaka aliunda ndege, na baba alipoiona alisema bado. Mlikuwepo, mlisikia. Ilikuwa ndege ya mtu yeyote. Mimi ndiye niliyeifanya yake. Cha kwanza alichogusa ni yule hondohondo."

Mbelwa alikuwa wa mwisho, kama kawaida yake. "Sikukata kipande, sikupaka rangi," alisema. "Lakini nyote mliona mkono wake, na hakuna aliyejua unashika nini. Majani niliyachuma mimi. Yule hondohondo alinichorea mimi kwenye majivu. Na aliyekwenda kuichukua ndani ya ukungu ni mimi."

Hawakugombana, ingekuwa afadhali wangegombana. Kila mmoja aliwaona wenzake wana haki, na kila mmoja aliitaka ndege ile kwa moyo wote, kwa sababu mkono wa baba yao uliobaki mzima ulipumzika juu yake. Mtu mmoja alishauri wapokezane mwaka hadi mwaka, lakini bawa limeshaanza kulegea kwa kubebwa, na njia ya Korogwe ina mashimo. Mwingine alishauri ifukiwe kaburini mwa Mzee. Watatu walikataa kwa sauti moja, maana hawakutaka iondoke tena.

Shangazi Mwantumu ameifunga kwenye kanga na kuiweka juu ya kabati. Amesema ataamua, na kila anayepita kwake humkalisha na kumuuliza. Nilipopita mimi, nilimwahidi nitawauliza watu wenye akili kuliko mimi.

Basi amkeni. Mzee alisema akae nayo aliyeirudisha. Yuko aliyeiunda ikawepo, yuko aliyeipaka ikatambulika, na yuko aliyeisikia kabla haijaonekana, akaenda kuipokea. Ingekuwa nyinyi ndio shangazi, na watoto watatu wa kaka yenu wamewakalia mbele wakisubiri, kanga ile mngeifungulia mikononi mwa nani?